Upinde wa Tabaka Tatu

Kila alasiri Khalfani alipotoka shule, alivua sare, akala, kisha akaenda kufagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi Mwinshehe, nyuma ya nyumba yao huko Ujiji. Zamani kazi hiyo aliifanya peke yake. Mwaka ule wakimbizi wengi kutoka Burundi walikuwa wakiingia Kigoma, na baba yake alimpa mama mmoja, Marcelina, chumba cha uani akae na mwanawe Nikodemu. Nikodemu alijua kushika randa, na jambo hilo lilimkera Khalfani kupita kiasi.

Shule ilipotangaza kwamba siku ya michezo kutakuwa na mashindano ya kulenga shabaha, baba aliwafundisha wavulana wote wawili kutengeneza upinde wa tabaka. Kila mmoja aliranda vipande vitatu vyembamba, viwili vya mninga na kimoja cha mwanzi, akavisugua kwa msasa. Kilichobaki ni kuvipaka gundi, kuvibana juu ya ubao uliopinda na kuvizungushia mipira ya tyubu ya baiskeli mpaka vikauke na kuwa kitu kimoja.

Baba alipitisha kidole kwenye vipande vya Nikodemu. "Huyu ana mkono wa fundi," alisema. Alipofika kwenye vya Khalfani alisema tu, "Rudia hapa."

Khalfani alirudia kusugua. Baba ni wangu, aliwaza, na huyu aliyekuja juzi ndiye anayesifiwa. Akakumbuka jinsi mipini ya nyundo inavyong'aa baba akiipaka mafuta ya mawese. Baba na Nikodemu walipokwenda kula, alivipaka vipande vyake mawese pande zote, akavifuta kwa kitambaa, ndipo akavitia gundi. Safari hii upinde wake ndio ungependeza.

Gundi ilipokauka, watoto wa jirani walikuja kutazama pinde zikifunguliwa. Nikodemu alivuta wake, ukapinda na kurudi vizuri. Khalfani alipovuta wake ulilia, na tabaka zikaachana mkononi mwake. Watoto wakacheka.

"Ni Nikodemu," Khalfani alisema, uso ukimwaka. "Nilimwona akilegeza mipira yangu kabla gundi haijakauka."

Marcelina, aliyekuwa akianika dagaa pale uani, alisikia kila neno. Hakugombana na mtu. Aliingia chumbani, akaanza kufunga vyombo vyake kwenye kitenge.

"Mama Niko, mbona unafunga mizigo?" baba aliuliza.

"Tunakwenda kambini, kaka Mwinshehe. Mmetutendea wema, sitaki tukae mpaka tuchukiwe. Mwana wanje," alimwita Nikodemu kwa Kirundi, "mwanangu, lete mkeka."

Baba aliokota kipande kimoja cha upinde uliovunjika. Aligusa gundi, ikabanduka yote. Akakinusa. "Khalfani, nani alipaka mawese humu ndani?"

Khalfani angeweza kumtaja Nikodemu tena. Lakini alimwona amesimama mlangoni, amekumbatia mkeka, machozi yakimlengalenga, na aibu ikamshika.

"Ni mimi, baba. Nilitaka wangu ung'ae kuliko wake. Hakugusa mipira yangu. Nilimsingizia kwa sababu kila siku unamsifu yeye."

Baba alikiweka kile kipande chini. "Nakukosoa kwa sababu karakana hii utairithi wewe. Kama maneno yangu yalikuuma ungeniambia."

Khalfani alikwenda kupiga magoti mbele ya Marcelina. "Nisamehe, mama. Niko, na wewe nisamehe. Msiondoke."

Marcelina alifungua fundo la kitenge, akatoa sufuria yake, akairudisha jikoni.

"Sikilizeni wote wawili," baba alisema. "Mawese hung'arisha mpini, lakini ukiyatia katikati ya mbao, gundi haishiki. Wivu nao ukiingia katikati ya watu wa nyumba moja, hawashikani. Na uongo unamuumiza asiye na kosa. Khalfani, watoto waliokusikia ukimsingizia mwenzako bado wako nje."

Khalfani alitamani ardhi immeze. Hata hivyo alitoka, akasimama mbele ya wale waliomcheka, akasema kwa sauti ambayo Nikodemu aliisikia kutoka ndani: "Nikodemu hakuharibu kitu. Nilidanganya."