Mguu wa Kornel

Shuka la Kornel lilikuwa na tope upande ambao hakuwa na mguu.

Mkewe, Lusiana, alilikwangua kwa ukucha. Madaktari walikuwa wameukata mguu wote wa kulia, kuanzia nyonga, kwa sababu saratani ilikuwa imekula mfupa wa paja. Walisema mgonjwa ataendelea kuusikia ukiwasha na kuuma, ni kawaida. Lakini hawakusema habari ya tope, na hapa Likunja mvua haikuwa imenyesha tangu mikorosho itoe maua.

"Umetoka nje?" alinong'ona.

"Kwa mguu upi, mke wangu?" Kornel akacheka, kisha akaacha. "Ila nimechoka kama mtu aliyetembea."

Mchana ule, jua likiwa utosini, Lusiana alisikia hatua uani. Pu. Kimya. Pu. Mguu mmoja, bila fimbo. Kuku wakaingia ndani mbio, na harufu ya udongo mbichi ikawafuata, ikapita mlangoni, ikampita na yeye akiwa ameshika ufagio, ikaenda moja kwa moja hadi kitandani, na pale palipokuwa patupu shuka likainuka taratibu kama mtu anayekunja goti.

Lusiana akamfuata Eustakio, mdogo wake Kornel. Ndiye aliyeuchukua mguu hospitali, akapita nao Nachingwea ndani ya ndoo yenye mfuniko, ili uzikwe kwenye makaburi ya ukoo.

"Shemeji, uliuzika wapi?"

"Makaburini. Si nilishakwambia?"

"Mbona jembe lilirudi safi?"

Eustakio akainamisha kichwa. "Ardhi ilikuwa ngumu, shemeji. Nikautia kwenye tundu la kichuguu."

Wakamwita Bibi Fatma, mganga wa Malolo. Aliposikia alijipiga kifuani. "Kichuguu ni nyumba ya watu! Mmempa jini mguu wa kutembelea, naye ameshajua njia. Sasa anautaka na mwili uliobaki."

Walipoufukua ili wauzike upya, sanda uliyofungiwa ilikuwa imechanika. Unyayo ulikuwa na tope jipya, na mwiba umechoma kisiginoni.

Makaburini Bibi Fatma aliwaonya kwa sauti ya chini, "Msitaje jina, wanangu. Mwenyewe hajafa. Tunazika mguu tu."

Wakafukia. Eustakio alikuwa akilia, na alipotupa udongo wa mwisho mazoea ya misiba yakamshinda.

"Pumzika kwa amani, kaka Kornel."

Bibi Fatma akamziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Lusiana alikimbia mpaka nyumbani. Uani palikuwa shwari, kuku wanadonoa, harufu hakuna. Akaanza kumshukuru Mungu. Ndani, Kornel alikuwa amelala chali, shingo imekakamaa, akivuta pumzi kwa taabu.

"Mguu hauwashi tena," alisema polepole. "Lakini waambie waache kufukia, Lusiana. Udongo umenifika kifuani."