Matairi ya Kutufikisha Tenke

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani kwenda kutafuta matairi mawili.

Yale ya mbele ya gari letu vijana wa mtaa walikuwa wameyachana kwa panga mchana kweupe, huku wakicheka. "Murudie kwenu Kasai na miguu!" Kwetu? Mimi Ndaya nilizaliwa Kolwezi, na baba yangu amezikwa Kolwezi. Lakini mwaka ule wa 1993, Wakatanga walipokuwa wakitufukuza sisi wenye asili ya Kasai, hakuna aliyeuliza habari za makaburi. Mume wangu Henri walikuwa wamemvunja mguu. Kwenye stesheni watu wetu walilala nje wakingoja treni, na kuhara kulikuwa kumeanza kuwamaliza watoto. Sisi tulikuwa na Peugeot 504 kuukuu. Tukakubaliana: mimi nitaendesha, tutaondoka jioni ileile kwenda Kasai kupitia Tenke.

Henri alinishika mkono kabla sijatoka.

"Angalia lettre, ile herufi kando ya tairi, nyuma ya namba. Beba S. Usibebe L. L ni ya kuenda pole pole. Tukikimbia na muzigo, itapata moto, itapasuka. Na tukisimama mu njia..."

Akaniachia mkono.

Nilikwenda mtaa wa Musonoi kwa Tata Banza, Mkatanga aliyeuza matairi yaliyotumika nyuma ya nyumba yake. Upande ule yeye peke yake alikuwa bado anatusalimia.

Lango lilikuwa wazi. Ua kimya. Harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imetanda.

"Unatafuta nini?"

Mtu alikuwa ameketi katikati ya marundo, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nikadhani ni mlinzi.

"Tata, mi natafuta matairi mbili ya 504. Zenye lettre S."

Akacheka bila sauti. Mabega tu yalitikisika.

"Siye batu ba Kasai... Hata banatufukuza, tunachagua."

Akasukuma tairi moja kwa mguu. Nikainama, nikapapasa maandishi kwa vidole maana mwanga ulikuwa umefifia. L. Nikalirudisha. Akasukuma jingine. S. Na jingine tena. S. Yote mawili yalikuwa ya moto, kama yametoka safarini sasa hivi.

Kisha akasukuma la mwisho. Nilizungusha mkono pembeni mwake kote. Laini. Hakuna namba. Hakuna herufi.

"Ile haina mwisho wa mbio," alinong'ona. "Inapita mutu yeyote. Beba."

"Hapana, tata. Hizi mbili zinatosha."

"Beba!"

Pumzi yake ilinipiga usoni. Ilinuka nywele zilizoungua.

"Hapana."

"Weye unaenda... mi nabakia?" Akalivuta tairi lile kwake. Kisha, polepole: "Haya. Itakuya yenyewe."

Lango lililia nyuma yangu. Nikageuka. Tata Banza alikuwa amesimama na taa mkononi.

"Mama Ndaya! Unasema na nani?"

Nikaelekeza kidole. Taa ikamulika katikati ya marundo.

Hapakuwa na mtu. Chini palikuwa na duara jeusi, majivu, na nyaya za chuma zinazobaki tairi likiteketea.

Tata Banza akaishusha taa. "Ni mulinzi wangu, Tshilombo. Jana balikuya kumutafuta, ju ni Mukasai. Balimuvalisha tairi. Balimuchoma... hapa."

Hakutaka malipo. Alitaka niondoke tu. Tuliyaviringisha matairi mpaka kwetu, akayafunga kwa haraka bila kunitazama, akakimbilia kwake.

Giza lilikuwa limeingia tulipoupita mji. Henri alijilaza kiti cha nyuma, mguu juu ya mabunda. Nilipofika kwenye lami nzuri nilikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia.

Vuuu... vuuu... vuuu...

Kwenye kioo, nyuma yetu kabisa, niliona pete nyekundu ya moto. Ilikua. Ilikaribia. Ikawa kando ya dirisha langu: tairi moja, limesimama wima, linawaka kwa ndani, linaviringika bila mtu.

"Usiangalie," Henri alinong'ona. "Endesha."

Likatupita kana kwamba tumesimama.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Magogo, vijana, mapanga. Tairi likaingia katikati yao. Nilisikia mmoja akimwita mama yake...

Kisha hakuna mwanga. Hakuna sauti.

Tulipofika, magogo yalikuwa yamesukumwa pembeni. Hapakuwa na mtu. Vilikuwepo viatu tu, vimejaa barabara nzima, jozi kwa jozi, vyote vimetuelekea.

Sikupunguza mwendo. Gari likaruka. Likaruka tena. Na tena.

"Unakanyaga nini, Ndaya?"

"Biatu tu."

Alfajiri tulikuwa tumeipita Tenke. Baadaye tulifika Kasai, nchi ambayo sikuwahi kuiona, na mpaka leo tunaishi Mwene-Ditu. Henri hajaniuliza tena habari ya barabara ile, nami sijamwambia. Yeye alikuwa amejilaza nyuma, na kelele za injini zilikuwa nyingi. Mimi ndiye niliyeshika usukani, na dirisha langu lilikuwa wazi kila gari liliporuka.

Viatu vitupu havipigi yowe.