Wimbo wa Kisima Chini ya Bwawa

Wewe ukisikia mtu anaimba chini ya maji, utaendelea kula sandwichi?

Wageni ndani ya boti waliendelea. Walikuwa wametoka Nairobi, miaka ya sabini ikiisha, kuja kutalii bwawa kubwa la jangwani huko Isiolo. Mmoja aliinua kamera, kana kwamba sauti hupigwa picha.

Umulkheir, mpishi wa kambi, aliacha kumimina chai. Wimbo ule Waborana huuimba wakivuta maji kisimani, wakipokezana ndoo za ngozi kutoka chini. Na kisima chao cha zamani kilikuwa papo hapo, chini ya boti.

"Baba Tiya, unasikia?" alimnong'oneza mumewe, Golicha, aliyekuwa kwenye usukani.

"Ni injini."

"Injini si umezima?"

Kamba ya nanga ikakazika.

"Samaki," alisema Golicha.

"Samaki gani anavuta akifuata wimbo?"

Kaka yake Umulkheir, Doyo, alipotea bwawa lilipoanza kujazwa. Golicha ndiye aliyesema amekwenda Moyale na ng'ombe. Mpaka siku hiyo mama yao alikuwa akimwekea maziwa, wala hakukubali asomewe hitima, maana aliye hai hasomewi.

Kesho yake mchana, Umulkheir akamleta Sheikh Samatar kutoka mtaa wa Wabera mjini. Golicha aliwapeleka kwa boti shingo upande. Sheikh akasoma, akapuliza, akasoma tena, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya ngozi mbichi na tope la ng'ombe ilivyopanda, na kamba ikavutwa, ikalegea, ikavutwa, mpaka boti ikainama upande mmoja na maji yakawalamba miguu, na wimbo ukawa karibu kama mtu aliye nyuma ya mgongo.

Sheikh akaacha kusoma. "Huyu hafukuziki. Nani alikuwa msimamizi wa kisima hiki?"

Umulkheir akamgeukia mumewe, aliyekuwa msimamizi huyo. Kwa Waborana, msimamizi ndiye huita kila aliye chini kwa jina kabla kisima hakijafungwa. Mmoja asipoitika, kisima hakifungwi.

Wimbo ukakatika. Kikabaki kimya cha mtu anayengoja zamu yake.

"Baba Tiya," alisema Umulkheir polepole, "Moyale alikwenda na ng'ombe wa nani?"

Golicha aliachia usukani.

"Wengine walikuwa wameshaondoka. Yeye alibaki chini akizoa tope. Kontrakta wa bwawa akaniuliza kama kuna mtu chini, tingatinga linanguruma, na yunifomu ya kazi ya boti aliyoniahidi ameishika mkononi. Nikasema hakuna. Sikumwita Doyo."