Bangili Isiyolala

Ndugu zangu, nitawaeleza habari ya nyumba moja tu, na atakayejiona ndani yake asinikasirikie mimi.

Juu kidogo ya Ngaramtoni, upande ule ambao Mlima Meru ukiamka bila mawingu unaiona mpaka mikunjo yake, aliishi bibi mmoja jina lake Namnyaki. Watu wa kwao humwita bibi "koko". Mjukuu wake, Simaloi, hakumjua mama mwingine zaidi ya huyo koko, maana mama mzazi alifariki Simaloi akiwa bado ananyonya. Alipokua alipata nafasi chuo cha ufundi mjini Arusha, akapanga chumba Kaloleni, lakini kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akipanda kwa koko. Huko atafagia banda la mbuzi, atachota maji, atamkanda koko miguu huku wakiwasengenya kidogo waumini waliosinzia kanisani. Walicheka mpaka mbuzi wakageuka kuwatazama. Ukipita njiani siku kama hiyo ungesema raha yote ya dunia imehamia kwenye ua ule.

Basi ikaja hiyo bangili.

Chuo kilipatana na kampuni moja ya vifaa vya afya. Wanafunzi wajigawe katika timu, kila timu ibuni kitu cha kuwasaidia watu waishi vizuri, na kampuni itoe vifaa na msimamizi. Timu itakayoshinda, kitu chake kitatengenezwa na wenyewe wataajiriwa. Nani asiyeijua njaa ya ajira siku hizi? Simaloi akawa kiongozi wa timu ya watu watatu. Eliud, kijana wa Kimeru aliyekulia kwenye kahawa na migomba upande wa pili wa mlima, ndiye aliyeandika programu. Lilian alichora na kupamba. Wazo lilikuwa la Simaloi mwenyewe, na lilikuwa wazo zuri, nisimnyime haki yake: bangili yenye laini ya simu ndani, inayohisi kama mzee anatembea au amelala, na kuonyesha yuko wapi. Akitulia mno mchana, simu ya mjukuu inalia na kuwaka nyekundu. Waliiita "Nipo."

Wa kwanza kuvishwa alikuwa Koko Namnyaki.

"Hii inaniona?" aliuliza, akiugeuzageuza mkono.

"Inakuona, Koko. Na mimi nikiwa mjini nakuona."

"Hata nikienda chooni?"

"Haina macho, Koko! Inajua tu kwamba unatembea."

Koko akawatangazia majirani wote kwamba sasa mjukuu wake anamwona kwenye simu. Majirani wakasifu maendeleo, na mimi ningekuwepo ningesifu.

Jumapili ya kwanza Simaloi alikwenda. Ya pili aliangalia simu, akaona koko anatembea vizuri, akasema kazi ni nyingi, nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Hakuwa na roho mbaya, jamani. Alimpenda koko wake na kila asubuhi alimtazama kwenye simu kabla hata ya kunawa uso. Ila kutazama ni kutazama, na kwenda ni kwenda.

Siku moja mchana, wakiwa kwenye chumba cha kompyuta, simu iliwaka nyekundu. Simaloi akapiga.

"Shikamoo, Koko. Mbona umelala?"

"Marahaba, mama. Mguu umechoka tu. Katambuga hili la tairi limenichubua."

"Pole. Sasa jitahidi utembee kidogo, hata hapo uani. Kampuni wanaangalia. Hiyo bangili ikilala hivi, sisi tutafeli."

Koko akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Utafeli wewe?"

"Ndiyo, Koko."

"Basi, mwanangu, haitalala."

Na kweli, tangu siku ile bangili haikulala mchana tena. Mchoro kwenye kompyuta ulipanda. Bwana Aristides, msimamizi kutoka kampuni, alikuja akausimamia akiwa ameshika kiuno, anatabasamu kama mtu aliyevuna. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, mwepesi wa kusifu, lakini alipenda matokeo kuliko maswali.

"Wenzenu wananiletea wazee waliolala," alisema. "Nyie mnaniletea bibi aliyefufuka. Huyu ndiye atakayewapa ushindi."

Siku moja kabla ya kwenda mbele ya majaji, Eliud alikaa muda mrefu akikunja uso mbele ya kompyuta.

"Simaloi, koko wako anakimbia."

"Anakimbia nini?"

"Njoo uone. Asubuhi amepanda mpaka karibu na msitu. Halafu hapa ameshuka mbio. Mbio kabisa."

Lilian akacheka. Simaloi naye akacheka, kisha akaacha. Koko akimbie? Koko aliyekuwa akishika ukuta kuinuka? Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akajiambia ni chaji, maana koko huchajisha kwa jirani. Hata hivyo alimfuata Bwana Aristides.

"Naomba kesho asubuhi nikamwone koko kwanza, halafu nije."

"Kesho wanakuja wakubwa, binti. Ukichelewa sina la kuwaambia." Akamwonyesha skrini. "Si huyo hapo unamwona? Mtu anayetembea hivi ni mgonjwa?"

Simaloi akaitazama skrini. Moyo ulimwambia nenda leo hii, jua bado liko juu. Tamaa ikamwambia subiri, kesho tu. Mwajua wenyewe ni sauti ipi iliyosikilizwa.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Simaloi alipanda jukwaani na gauni la kuazima. Nyuma yake, kwenye skrini kubwa, nukta ya kijani ilikuwa ikitembea kilimani wakati uleule. Huyo, akawaambia majaji, ni koko wangu, anaishi peke yake, na nyote mnaona alivyo mzima. Watu wakapiga makofi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitazama kwa wizi: Mama Silantoi, jirani wa koko. Akaizima sauti, akaendelea. Ikatetemeka tena. Macho yake yalirudi kwenye ile nukta, nayo ilikuwa ikipanda kilima bila wasiwasi. Akakata simu. Ndiyo, alikata! Akamjibu jaji swali lake vizuri sana, akasifiwa. Ilipotetemeka mara nyingine ndipo mkono wenyewe ukapokea, pale pale jukwaani.

"Shikamoo, mama, niko kwenye..."

"Achana na shikamoo! We Simaloi uko wapi? Koko wako anapotea hapa, mguu umeoza, anaongea maneno yasiyoeleweka!"

"Lakini mama, namwona anatembea. Sasa hivi anatembea."

"Anatembea nani? Mimi nimemshika mkono hapa kitandani!"

Simaloi aligeuka akaitazama skrini. Nukta ya kijani ilikuwa inashuka mbio, na ukumbi mzima unacheka kwa furaha.

"Malizia dakika mbili tu," Bwana Aristides alinong'ona kutoka pembeni. "Mbili tu, umeshashinda."

Simaloi aliruka ngazi za jukwaa, Eliud nyuma yake, wakachukua bodaboda barabara ya Nairobi na kumhimiza dereva mpaka naye akaanza kusali. Lilian aliachwa na majaji. Mtoto wa watu, alifanya jambo moja la busara: alizima skrini.

Harufu ya kidonda iliwapokea mlangoni. Koko alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, mguu umevimba na kuwa mweusi kuanzia kwenye vidole. Simaloi alipiga magoti, akaushika mkono wa bibi yake. Ulikuwa mtupu.

"Bangili iko wapi, Koko?"

Koko akafumbua macho, akahangaika mpaka akamtambua.

"Ipo inatembea," alisema. "Nimemfunga yule beberu, penye kengele. Yeye halali mchana. Umeshinda?"

Simaloi alilia kwa sauti, kilio cha msibani, na marehemu hayupo.

Ndugu zangu, eleweni ilivyokuwa. Kwa koko, mnyama anayeongoza kundi ndiye hufungwa kengele ili wenye mali wajue kundi liko wapi. Mguu ulipoanza kumzuia kutembea, na mjukuu amesema atafeli bangili ikilala, aliifunga pale ambapo yeye tangu usichana wake aliona vitu vya kusikilizwa vikifungwa. Mbuzi wake walikuwa wakipelekwa malishoni na watoto wa Mama Silantoi, wasioijua kazi ya bangili, pamoja na mbuzi wa kwao. Mama Silantoi alimletea uji kila siku na kukiona kidonda kikikua.

"Nilimwambia nikuite," alimwambia Simaloi huku wakimbeba koko kwenda kwenye gari la jirani. "Akasema wewe unamwona, umeshajua. Na sisi tukasema, kama ingekuwa hatari si angekuja? Si anamwona kwenye simu?"

Hospitalini daktari alikuwa mfupi wa maneno. Koko ana kisukari ambacho hakuna aliyekijua. Mchubuko wa katambuga umekuwa kidonda, kidonda kimeoza, na sumu inapanda. Wakate mguu chini ya goti au wamzike. Simaloi alitia sahihi.

Koko alipona, Mungu asifiwe, ila mguu haukurudi.

Bwana Aristides alikuja kumwona akiwa na matunda. Alitoa pole ya kweli, hata macho yalimlowa. Kisha akamvuta Simaloi kando kwenye korido.

"Majaji bado wanaitaka. Tatizo tumeshaliona, tutaweka kufuli. Mzee hataweza kuivua."

"Kufuli la nini, Bwana Aristides?" Simaloi aliuliza. "Koko hakuivua kwa sababu ililegea. Aliivua kwa sababu yangu."

Akaiondoa bangili mashindanoni. Timu nyingine ikapewa ushindi. Eliud alikasirika na kwa muda mrefu hakumsemesha Simaloi, maana naye alikuwa na mama aliyesubiri aajiriwe, na sitamlaumu.

Jioni ya siku matokeo yalipotangazwa, Simaloi alikaa kitandani kwa koko, akamweleza yote: kwamba wameshindwa, kwamba kosa ni lake, kwamba anaomba msamaha. Koko alimsikiliza akiutazama ule upande wa shuka usio na kitu. Hakugomba. Alionekana anafikiri jambo jipya kabisa.

"Kumbe hata ukifeli unakuja," alisema. "Ningejua, mwanangu, ningekuita."

Mafunzo ya Hadithi Hii

Wazazi, vijana, na nyie wenye makampuni, sikilizeni. Sikatazi vifaa. Bangili ile ingeweza kuokoa mtu, na kesho huenda itaokoa. Lakini chombo hupeleka habari ya kile tu kilichofungwa nacho, na hakijui mbuzi na bibi. Anayejua ni yule aliyefika, akashika mkono, akafunua shuka. Enyi majirani, msiseme "ana watu wake wanamwona." Mkiona kidonda, piteni juu ya maneno ya mgonjwa mkaite watu.

Na wewe kijana uliyesomeshwa kwa jasho la mzee, jihadhari sana na unachomwomba. Ukimwambia mzee kwamba ushindi wako unategemea yeye kuwa mzima, ataficha ugonjwa wake mpaka umuue, na atakuficha kwa upendo. Mwambie mapema, tena kwa kinywa chako, kwamba anaweza kuugua na wewe ukafeli na bado utakuja. Kisha nenda. Usingoje Jumapili.