Taa Haikuwaka kwa Baba

"Minoru, washa taa! WASHA TAA!"

Nilipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Hakugeuka... Sijui hakusikia, sijui alijifanya!

Kule ndani, nyonga ya bandia ya baba yangu ilikuwa kwenye kisanduku cha taa, cheusi tii. Robo saa ikaisha. Minoru akaitoa, akamkabidhi nesi, mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Taa haikuwaka hata sekunde moja.

Jamani, nilikaa sakafuni kama gunia.

Naitwa Shiori, wa Niigata. Mimi na Minoru tuko maabara moja mwaka wa tisa huu. Kazi yetu ni titani, madini ya kutengenezea viungo vya bandia. Titani ikikaa stoo inazeeka. Ukiidondoshea maji, yanajiviringa tu juu yake. Ukiimulika kwa taa yetu ya miale ya urujuanimno, maji yanatandaa kote. Tuliamini mfupa nao ungeishika upesi.

Ila kuamini si kujua. Ndiyo maana hospitali ikaanza jaribio: nusu ya wagonjwa viungo vyao vinamulikwa, nusu havimulikwi. Bahasha ndiyo inaamua. Daktari hajui, mgonjwa hajui. Anayeifungua ni Minoru peke yake.

Baba yangu, mzee Tetsuji, ana miaka sabini na moja. Maisha yake yote aling'arisha vijiko na sufuria kule Tsubame. Mifupa imelika. Alipojiandikisha kwenye jaribio, nikamfuata Minoru. Najua mtanihukumu.

"Kaka, itoke bahasha yoyote, wewe muwashie tu."

"Shiori, huo si utakuwa uongo?"

"Ni baba yangu!"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikaenda kwa baba nikijidai: "Usiogope, mambo yako nimeshayaweka sawa." Akanitazama tu.

Baada ya upasuaji nilimkuta Minoru kwenye mashine ya kahawa za kopo.

"Msaliti mkubwa wewe!"

Hakujitetea. Akaweka kopo lake chini.

"Mzee alinifuata Jumanne," akasema.

"Mzee gani?"

"Baba yako. Aliniinamia mpaka kiunoni, Shiori. Mtu wa umri ule! Akasema, 'Binti yangu amekuomba unipendelee. Tafadhali, nifungulie bahasha kama ya wengine.' Ningefanyaje? Nikafungua. Imeandikwa: bila taa."



Miezi minne ikapita. Kila picha ya eksirei ilisema lile lile: mfupa haujashika. Mimi niliyemulika vyuma zaidi ya mia, nikabaki kumshika baba mkono akiuma meno. Kilichokuwa ndani ya nyama yake kilikuwa nje ya uwezo wangu.

Siku moja akaja bibi Isogai, aliyepasuliwa siku moja na baba. Anatembea bila fimbo! Mkononi ana maandazi ya mchele yaliyofungwa kwa majani ya mianzi.

"Tetsuji, bado umelala? Utaota mizizi!"

"Nimekuachia barabara, mama. Vile unavyokimbia, tungegongana!"

Walicheka mpaka baba akakohoa. Mimi nilitoka nje nikalie.

Niliporudi, bibi ameshaondoka.

"Yeye ilimuwakia, siyo?" baba akauliza.

Siku ile niliiona taa ikimuwakia kupitia kioo kile kile, nikashindwa kudanganya. Nikaitikia.

"Vizuri. Sasa wataandika kweli tupu. Yeye kapona, mimi bado."

"Baba, unaumia!"

"Naumia sana. Lakini niambie, mwanangu... Angekuwa yeye ndiye amelala hapa na mimi natembea, ungemlilia hivi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ukagoma.

Ndugu zangu, tiba yoyote inayokuponya leo, kuna mtu aliikosa kwa hiari yake ili ijulikane kama inaponya kweli. Huwa hatumjui jina. Mimi wangu namjua, na nilitaka kumnyang'anya heshima hiyo nikidai ni mapenzi.

Minoru nimemwomba radhi. Kanikubalia, ila utani wetu wa zamani haujarudi.

Jumatatu baba anapasuliwa tena. Nimeuliza kama kuna chochote naweza kufanya. Daktari akasema, "Kaa naye."

Basi nakaa naye.