Kichujio cha Mgonjwa wa Saa Tatu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, muuguzi kijana aliyezoeleka kuitwa Kitinda aliingia katika chumba ambamo mioyo hutibiwa kwa mirija, akapiga ukelele uliosikika mpaka mapokezi. Mgonjwa wa saa tatu alikuwa mama yake mzazi. Juu ya meza ya chuma, pakiti ya kichujio ilikuwa wazi, na vikapu viwili vidogo vya waya vilivyokuwa ndani vilikuwa vimebanwa kwa koleo mpaka vikawa bapa.

Mkurugenzi alimwita mkuu wa ulinzi, mpelelezi mstaafu wa polisi aliyeitwa Mzee Kwanini. Hakuna aliyewahi kuuliza sababu ya jina hilo, maana dakika tano naye zilitosha.

"Hiki kidude kina kazi gani?" alimuuliza daktari kijana wa moyo.

"Vali ya moyo wa huyu mama, yaani mlango wa kupitishia damu, imejaa chokaa. Tunapitisha mpya kwa mrija kutoka kwenye paja, tunaitanua ndani ya ile ya zamani. Sasa inapotanuka, vipande vya chokaa vinabanduka. Vikipanda kichwani, hapo ni kiharusi. Kichujio tunakiingizia kwenye mkono wa kulia, kinakaa kwenye mishipa ya kwenda kichwani, kinavidaka."

"Vyote?"

"Si vyote, mzee. Lakini nimeona picha za huyu mama. Vali yake ni mawe matupu. Sitaki kuingia mikono mitupu."

"Hakuna kingine?"

"Cha akiba tulikitumia Ijumaa. Nimeazima kwa wenzetu upande wa pili wa mji, kitafika saa sita. Lakini Mkurugenzi amesema timu haiingii mle mpaka aliyefanya hivi ajulikane. Na mama amezimia mara mbili tangu jana. Hafiki kesho."

Kwanini alikwenda kumwona mgonjwa. Mama huyo alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na aliwaambia wote waliopita karibu na kitanda chake kwamba haogopi kufa, anaogopa kuamka hana maneno. Miguuni pake alisimama binti yake mkubwa, sista mkuu wa kile chumba cha moyo, akinyoosha shuka.

"Usihofu, baba," mama alimwambia Kwanini. "Mwanangu wa mwisho ndiye atakayekishika hicho kichujio. Daktari kamchagua yeye, si mchezo!"

"Na huyu?"

"Huyu? Huyu ananisaidia kuoga."

Alisema kwa upendo, bila kinyongo chochote. Sista Mkuu aliacha kunyoosha shuka, akalikunja pindo lilelile mara ya pili.

Mtunza vifaa, waliyemwita Bwana Stoo, alikuwa na jibu fupi. Saa moja na dakika tano aliweka pakiti mezani kwa mkono wake, ikiwa imefungwa.

"Nani aliingia baada yako?"

"Wenye chumba huwa wanaingia na kutoka, siwahesabu. Ila mgeni alikuwa mmoja, Profesa. Saa moja na kumi. Alikaa dakika tatu hivi, akatoka kanuna."

Hapo hospitali nzima ilishapata jibu lake. Profesa ndiye aliyeianzisha idara ya moyo, na kila mtu alijua anavyomwonea gere yule daktari kijana.

"Ndiyo, nina wivu," Profesa alisema kabla hajaulizwa. "Andika kabisa. Nilimfundisha mimi kushika mrija, leo wagonjwa wangu wananipita mlangoni kama kabati, wanamuulizia yeye. Mbele ya wanafunzi nilisema kichujio chake ni mwanasesere."

"Kwa nini ukaenda kukiangalia?"

"Nilitaka kujua ninapitwa na nini. Niligeuza pakiti, nikasoma maandishi, nikairudisha. Ilikuwa imefungwa."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Ningekuwa wewe, nisingejiamini."

Kwanini alimpenda kidogo kwa jibu hilo, jambo lililomuudhi.

Sista Mkuu aliketi mbele yake wima, mikono mapajani. "Sijui kwa nini unapoteza muda na sisi wakati Profesa yupo. Au basi, mdogo wangu ana haraka. Labda alikifungua vibaya akaogopa kusema."

"Saa moja na robo ulikuwa wapi?"

"Wodini, kuchukua faili la mama. Nilisaini kitabu chao saa moja na dakika ishirini. Nikalipeleka chumbani, nikalifungia kabatini, nikaondoka na ufunguo kwenda kubadili nguo."

Kitinda naye alikuwa kando ya kitanda cha mama tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili kasorobo. Muuguzi wa wodi na wagonjwa wawili walithibitisha.

Saa nne na nusu mama alizimia tena. Alizinduka, lakini safari hii ilichukua muda, na Kitinda alitoka wodini akiwa hawezi hata kulia.

Kwanini aliomba faili. Alisoma kila karatasi, na kwenye ukurasa wa vifaa vilivyotumika, ambao ulipaswa kuwa mtupu, alikuta kibandiko kimoja chenye namba. Akaenda kuilinganisha na pakiti iliyoharibiwa. Ilikuwa ileile.

"Hivi anabandika nani?" alimuuliza daktari.

"Wauguzi wa chumba tu. Pakiti ikifunguliwa, kibandiko kinatoka kwenye pakiti kinakwenda kwenye faili. Sisi madaktari hatukigusi kabisa."

Saa tano na nusu aliwakusanya katika chumba cha kubadilishia nguo: Profesa, daktari kijana na wale ndugu wawili.

"Profesa alitoka saa moja na dakika kumi na tatu," alisema. "Faili lilikuwa bado wodini. Hawezi kubandika kitu kwenye faili ambalo halijafika. Kitinda alikuwa kwa mama yenu. Faili ulilileta wewe, sista, ukalifungia wewe, na ndani yake mna kibandiko cha kichujio kilichoharibiwa."

Sista Mkuu alikitazama. "Nilibandika?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Mbona sikumbuki?"

"Nani anakumbuka kufunga vifungo vya shati? Miaka kumi na sita mkono wako umefungua pakiti na kubandika. Leo ulifungua kwa nia nyingine, mkono haukujua. Kwa nini, sista?"

Akakaa kwenye benchi.

"Huyu nilimfundisha mimi hata kunawa. Nikachukua likizo siku moja, Ijumaa moja tu. Narudi Jumatatu nakuta jina lake ndilo liko kwenye ubao wa zamu mahali pangu. Nikanyamaza. Halafu mama analazwa, wodi nzima inaambiwa mwanangu wa mwisho, mwanangu wa mwisho. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Nilitaka aonekane mzembe mbele ya mama, mara moja tu. Nilijua stoo kipo kingine. Tungechelewa nusu saa, basi."

"Kingine tulikitumia Ijumaa, dada," Kitinda alisema polepole. "Nilikifungua mimi."

"Nimeambiwa asubuhi. Toka hapo nimeshindwa kufungua mdomo."

Kitinda alinyanyua mkono kama atakayempiga, kisha akaushusha akaenda kunawa.

Kichujio cha kuazima kilifika saa sita na dakika kumi. Timu iliruhusiwa, pungufu ya mtu mmoja, na Profesa aliomba kusimama nyuma ya kijana kumwangalia. Sista Mkuu alingoja ofisini kwa Kwanini mpaka polisi wafike. Saa tisa daktari alimwamuru mgonjwa anyanyue mikono yote miwili, atabasamu, ataje siku za wiki. Alizitaja kwa lugha tatu, kisha akadai maji.

Daktari alileta habari hizo mwenyewe ofisini, pamoja na kichupa kidogo cha dawa. Ndani mlikuwa na vipande saba vya chokaa, kimoja kikikaribia punje ya mchele.

"Hivi ndivyo vilivyodakwa. Vyote vilikuwa vinapanda kichwani kwa mama yako."

Sista Mkuu alikipokea kwa mikono miwili, akalia, na kilikuwa kilio cha kweli. Alimshukuru Mungu, akaomba msamaha kwa mama ambaye hakuwepo kumsikia. Kisha, machozi yakiwa bado mashavuni, akakigeuza kichupa akasoma lebo. Ulikuwa mwandiko wa mdogo wake.

"Hakuandika saa," alisema. "Mimi ningeandika na saa."