Meli ya Uchaguzi

Alfajiri ya uchaguzi wa bunge wa Visiwa vya Nukulaga, vichotakura vilipaa. Ni vidude vidogo kama kereng'ende, vyenye jicho la kutambua uso na sikio la kutambua sauti. Kimoja kilimfuata baharia katikati ya maji makuu. Kingine kilimkuta muuguzi ughaibuni akipiga mswaki. Unataja mgombea wako, kinakushukuru, basi. Chai haijapoa, umeshamchagua mbunge wa kisiwa ulichozaliwa, hata kama hujakikanyaga miaka nenda miaka rudi.

Aliyevibuni, Mhandisi Losaline, alikuwa mji mkuu akipokea pongezi, Mwenyekiti wa Tume alipomjia.

"Mhandisi, imebaki kura moja kisiwa cha Motufeo. Kuna bibi anakifukuza kichotakura kwa ufagio."

Losaline hakuhitaji kuuliza jina. Akazungumza kupitia kidude kile.

"Mama, ni mimi. Taja mgombea tu, yaishe."

"Nimetandika mikeka, mwanangu. Magimbi niliyofukia kwenye mawe ya moto yameshaiva. Meli inafika saa ngapi?"

"Hakuna meli, Mama. Siku hizi kura inamfuata mtu alipo."

Zamani sheria ilimtaka kila raia akapige kura kisiwani kwao. Meli ilifurika, watu wakalala juu ya magunia ya mchele, wagombea wakatapika ubavuni mwa wapinzani wao. Gatini mabibi walinyang'anyana vitukuu. Wiki nzima ilikuwa kula na kucheza ngoma. Nani kashinda, wengi hawakuwa na habari. Losaline msomi aliuona huo upotevu wa wakati, akaunda dawa yake. Jamani, elimu nayo! Sasa aliitamani hata harufu ya dizeli ya meli ile.

"Mtoto wako anatembea?" Mama akauliza.

"Ameanza shule, Mama."

"Na mimi sijampakata. Kwani nyinyi mlidhani ile meli ilikuwa inaleta kura?"

Mwenyekiti akakohoa. "Tukiandika bibi amekataa, tunatangaza matokeo leo. Tukiandika mtambo umeshindwa, sheria ya zamani inarudi Motufeo: wenyeji wote warudi kwao wakapige kura kwa mkono. Na sifa yako, Mhandisi, ndiyo basi tena."

Losaline alikuwa analia, wala hakujificha.

"Andika umeshindwa," akasema. "Kisha niwekee nafasi mbili melini, yangu na ya mwanangu."